Msinitumie tena "bado sijapata wazo"

Msimu wa fildi, mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wa vyuo, umefika, na ujumbe wake nao umefika. "Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Naomba niongezewe muda wa kazi ya kanga, bado sijapata wazo."

Marahaba. Muda siongezi. Na kwa kuwa ujumbe huohuo naletewa kila mwaka na vijana wa vyuo tofauti, neno kwa neno kana kwamba wanaazimana, najibu hapa mara moja, nyote msome.

Imani yenyewe inakwenda hivi: wazo huja kwanza, zima, limeiva, likitokea usingizini au ufukweni au kwenye nyimbo za zamani, kisha mkono unanakili kilichoonekana kichwani. Kwa hiyo ambaye hajajiwa ana udhuru. Anakaa. Karatasi nyeupe, penseli imechongwa vizuri, spika zimo masikioni. Ukimuuliza anafanya nini, anatafuta mudi. Hata mganga, mizimu yake hupanda mteja akiwepo.

Mimi nachora kanga na vitenge, na mwezi ukiwa mgumu nachora makasha ya sabuni. Mwenye mali akisema anataka michoro ya Idi, Idi haisogezwi.

Darasani mmesimuliwa kisa cha William Morris, yule Mwingereza aliyeona ndege wakimwibia stroberi bustanini kwake Kelmscott, akawachora, ukatoka mchoro wa kitambaa uitwao Strawberry Thief, mwaka 1883. Kisa ni cha kweli, na kitamu, ndiyo maana kinasimuliwa. Kisichosimuliwa ni pipa la nili, rangi ya bluu ya kuchovya vitambaa. Tangu 1881, alipohamishia karakana yake Merton Abbey, kusini mwa London, Morris alikuwa akihangaika na njia ya kuchovya kitambaa chote kwenye nili, kisha kuiondoa rangi kwa dawa pale anapotaka pawe peupe au bluu hafifu, halafu aingize nyekundu na njano. Strawberry Thief ndicho kitambaa chake cha kwanza kilichokubali nyekundu na njano kwa njia hiyo. Kilichapwa kwa vibao vya mkono, kazi ya siku kadhaa, na kikawa miongoni mwa vitambaa vya pamba vya bei ya juu kabisa katika kampuni yake. Sasa niambieni, ndege wangapi wamekula matunda mbele ya watu wangapi, na hakikutoka kitu? Yule bwana alikuwa na pipa linalomsumbua. Ndege walimkuta kazini.

Tufanye kwa vitendo. Fildi iliyopita alikuja binti mmoja, naye hana wazo. Nikampa mbuzi ya nazi kutoka jikoni kwangu, nikamwambia achore kile kichwa cha chuma tu, kibao akiache. Akaniletea nusu duara yenye meno ya pembetatu, yote sawasawa, kama msumeno wa kwenye katuni. Hajaitazama mbuzi hata kidogo. Amekumbuka kwamba mbuzi ina meno, akayachora. Nikamrudishia chuma. Mbuzi ile imekuna nazi miaka mingi. Meno ya mbele, yanayofanya kazi, yamelika na kuwa mafupi na butu. Ya pembeni bado marefu, na moja la kushoto limepinda. Alipoyachora hivyo, marefu, mafupi, marefu, nusu duara ikapata mwendo. Kisha akazipanga nusu duara kandokando, meno marefu ya hii yakakaribia meno marefu ya jirani yake, na katikati pakabaki umbo jembamba lenye kiuno ambalo hakuna aliyelichora. Na hilo ndilo lililokuwa zuri kuliko meno yenyewe. Akalijaza wino, meno akayaacha meupe.

Mpaka hapo ni penseli, wino, na asubuhi moja. Hakuna aliyejiwa na kitu.

Halafu akafika kwenye kona, na hapa mtanivumilia kwa sababu kona ndiyo inayoninyima usingizi.

Wengi wenu mnachora pindo, ule ukingo unaoizunguka kanga, kama mkanda ulionyooka. Mnalinakili kwenye kompyuta mara nne, mnakata ncha kimshazari, mnagandisha, kazi imekwisha. Ua limekatwa kichwa. Korosho imebaki nusu, mkia hauonekani. Mnadhani mnunuzi haoni. Mama anayenunua doti pale Mtaa wa Uhuru anaikunjua, anashika ncha mbili, ananyoosha mikono. Kitu kilicho kwenye vidole vyake wakati anaamua ni kona.

Chukua kanga ya sentimita 150 kwa 110. Weka pindo la sentimita 15 kuzunguka pande zote. Kona nne zinachukua mraba wa 15 kwa 15 kila moja, zinabaki sentimita 120 upande mrefu na 80 upande mfupi. Kipande cha sentimita 8 kitaingia mara 15 huku na mara 10 kule, bila kukatwa popote. Raha tupu. Sasa mtu ananogewa, anapunguza pindo hadi 12 kwa sababu "linakaa kisasa". Zimebaki 126 na 86. Tafuta kipande kimoja cha maana kitakachoingia sawa pande zote mbili. Hutakipata. Ndipo kijana anaanza kulaumu kompyuta.

Njia zipo. Unaweza kuvuta huku na kubana kule: kipande cha 9 kinaingia mara 14 kwenye 126, na cha 8.6 kinaingia mara 10 kwenye 86. Kwa maua na majani, jicho linasamehe. Kwa maumbo makali kama meno, mimi naiona tofauti. Mume wangu anasema nakuza mambo, na huenda ni kweli. Unaweza pia kuanza kwenye kona mbili, pindo likaja kukutana katikati, na pale linapogongana ukaweka kitu cha tatu. Au ukaipa kona mraba wake wenye mchoro wake. Kila njia inakupeleka kwenye kanga nyingine kabisa, na ndiyo maana nakasirika mkiliacha jambo hili usiku wa mwisho, kana kwamba ni kupiga pasi.

Binti wa mbuzi alichagua mraba. Mtupu, 15 kwa 15, akakaa nao mchana kutwa. Akaweka nusu duara ileile, ikaonekana kama mgeni aliyepotea njia. Akaweka robo, ikawa feni. Mwishowe akayazungusha meno duara zima, na kwa kuwa hayakuwa sawa, marefu yakachomoza kama petali na mafupi yakarudi ndani. Likatoka ua ambalo halioti shamba lolote. Likapendeza mpaka likautia aibu mji, yaani uwanja wa kati wa kanga, ambao hadi wakati huo ulikuwa na vitone tu. Basi akalihamishia katikati ya mji, akalikuza likavuka kipimo, akaacha lifunikwe na pindo juu na chini. Ukiiona ile kanga leo hutasema nazi, wala hutasema jikoni. Aulizwe sasa, wazo alilipata wapi? Alilipata pale hesabu ilipombana, mchana, akiwa amekasirika kidogo.

Rangi: anzeni na tatu. Kila rangi ni skrini yake ya kuchapia na gharama yake. Tuendelee.

Kuhusu Pinterest, ule mtandao wa picha, nitasema haraka. Picha unayoiona pale, mwenzako ameshahangaika nayo mpaka mwisho, na mahangaiko ameyafuta. Unachukua ngozi bila nyama. Siikatazi, mwenyewe naingia kutazama rangi zilivyopangwa. Nazo picha za akili bandia nilizoletewa mpaka sasa zina pindo la kuvutia kwa mbali. Sogea karibu, utakuta kwenye kona limeyeyuka.

Kinachonikera zaidi ni "mambo ya kwetu". Aliyekwama hukimbilia ramani ya bara, ngao ya Kimasai, mbuyu wenye jua nyuma yake, na twiga wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Dar es Salaam, kwenye vibao vya mraba vya kuezekea dari, kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Rangi ile ni nzito na inang'aa, inakutaka umbo bapa lenye ukingo wazi. Ukitazama wanyama wake utaona walivyojipinda kuujaza mraba. Wewe unamnyanyua yule mnyama, unamweka kwenye mstatili wa pamba kwa wino wa kuchapia, shingo bado imepinda kwa ajili ya kibao ambacho huna. Kama kweli unataka kumfuata mzee, nenda dukani ukaulize rangi gani ni rahisi na ubao gani unatupwa, kisha uone vinakulazimisha kuchora nini.

Na kitenge chenyewe, hicho mnachokiita asili yetu: viwanda vya Uholanzi katika karne ya 19 vilikuwa vikijaribu kuiga batiki ya Java kwa mashine. Gundi ya kuzuia rangi ikapasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa, kitambaa kikatoka na mishipa. Wajava hawakuipenda. Wanunuzi wa Afrika Magharibi wakaipenda, na leo mishipa hiyo inachorwa kwa makusudi hata pale ambapo hakuna gundi iliyopasuka.

Jambo jingine, msianze na jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga. Mtu anachagua "Haba na haba hujaza kibaba", anachora kibaba, anachora nafaka, amemaliza. Tazama kanga za mama yako kabatini: picha na jina mara nyingi kila kimoja kina safari yake, na kanga haijapungukiwa kitu.

Sasa mashaka yangu. Vitabu vina mchoro wa mishale: utafiti, wazo, rasimu, kazi kamili. Sijawahi kuona kazi iliyoifuata ile mishale kwa mpangilio, lakini siwezi pia kuwapa mishale mingine ya kushika. Na lipo wazo linalokuja zima. Limewahi kunikuta ndani ya daladala, nikalichora nilipofika, halikubadilika hata mstari. Nadhani lilikuja kwa sababu mkono ulikuwa umeshapita sana jirani na pale, ila hiyo ni dhana tu, tena inayonifaa mimi mwalimu. Nimeona mvivu kabisa akiniletea kitu kilichonifanya ninyamaze, na nimeona mwenye bidii akijaza madaftari yasiyo na uhai ukurasa hata mmoja. Jicho linafundishika kiasi fulani. Kiasi gani, naulizwa kila mwaka, na kila mwaka jibu langu linabadilika.

Soko nalo lina yake. Nimeona kanga ambayo rangi zimehama na pindo limekatwa ovyo ikaisha dukani kabla ya wiki, kwa sababu jina lake liliwachoma wanaostahili kuchomwa. Ya kwangu, yenye kona niliyoihangaikia, ikakaa kwenye rafu mpaka mkunjo ukafifia. Kwa hiyo sijawaahidi kwamba kona itawauzia.

Jumatatu njooni na kitu, si picha ya kitu. Kiwe kimetumika, kimechakaa kidogo, kinaingia mkononi: kitana, kufuli, koleo, kifuniko cha sufuria kilichobonyea. Nataka kurasa kumi za kitu hichohicho kabla hatujaongea lolote. Gridi ya 150 kwa 110, kwa kipimo cha moja kwa kumi, imebandikwa ukutani karibu na dirisha; kila mtu ainakili ya kwake kwa mkono. Simu zikae kwenye mabegi mpaka ukurasa wa kumi.