Kujisomea kwa kuongozwa si kuachiwa vitabu

Miongoni mwa wanaojiandaa kwa shahada ya uzamivu hapa Unguja na Pemba, hasa katika uhandisi wa nishati na michakato, ipo dhana kwamba somo lisilo na mihadhara ya kila wiki ni somo jepesi, ambalo mwanafunzi hukabidhiwa vitabu kisha akasahauliwa. Dhana hiyo si sahihi. Katika kujisomea kwa kuongozwa, mhadhiri huchagua matini, hupanga mada na mazoezi, hukutana na mwanafunzi kuzihoji hoja zake, na mwisho humtahini, mara nyingi kwa mdomo.

Tuangalie, kwa mfano, ukenekaji wa mafuta ya karafuu kwa mvuke, yaani kuyatoa kwa mvuke wa maji unaoyabeba kisha ukapozwa, kazi inayofanyika Pemba. Eujenoli, kiambato kikuu cha mafuta hayo, huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za Selsiasi, lakini hutoka pamoja na maji chini kidogo ya nyuzi 100. Mwanafunzi anaweza kusoma maelezo ya jambo hilo akaridhika. Mwongozaji ndiye atakayemtaka athibitishe kwa hesabu kwamba, kwa kuwa vimiminika hivyo havichanganyiki, mashinikizo ya mivuke yake hujumlishwa, na mchemko huanza pale jumla inapolingana na shinikizo la hewa. Kisha akadirie mvuke, na hata kuni, zinazohitajika kwa kila kilo ya mafuta. Uzito wa somo umo katika mahojiano hayo, na kwa maoni yangu mwanafunzi anayenyimwa vikao hivyo ana haki kamili ya kuvidai.