Desemba katika nchi ya wapelelezi wa riwayani: dhana potofu na ukweli

Kila ifikapo Septemba, wateja wanaotaka kupeleka familia zao Uingereza kwa likizo ya Desemba huanza kuniletea ratiba walizojipangia wenyewe, na karibu kila ratiba ina kosa lilelile: tarehe 25 Desemba imewekwa kuwa siku ya matembezi makubwa. Familia inaamkia London, inapanda treni ya alfajiri kwenda Devon, mchana inaingia Greenway, ile nyumba ya likizo ya Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, iliyo juu ya mto Dart, na usiku inarudi London kula chakula cha sikukuu. Nimeeleza mara nyingi mno kwamba ratiba hiyo haiwezekani, na sasa naona heri niandike, ili mteja ajaye asome kwanza kabla hatujafika kwenye bei.

"Krismasi ndiyo siku yenyewe ya kutembea"

Siku ya Krismasi treni za Uingereza hazitembei. Sisemi kwamba ni chache au kwamba zinachelewa. Mtandao wa reli unafungwa, treni za chini ya ardhi za London zinafungwa, na mabasi mekundu ya jiji hilo nayo yanalala. Mkesha wake, yaani tarehe 24, treni za masafa marefu huanza kukatika mapema jioni. Tarehe 26 usafiri wa London hurudi kwa ratiba iliyopunguzwa, lakini njia nyingi za reli ya taifa bado huwa kimya au zina treni za kuhesabu, na kati ya hapo na Mwaka Mpya mafundi wa reli huzitumia siku hizo za abiria wachache kufanya matengenezo makubwa, kwa hiyo hata treni iliyokuwa kwenye ratiba mwezi wa Oktoba inaweza kugeuka kuwa basi ifikapo Desemba. Yanayobaki siku ya Krismasi ni mabasi machache ya masafa marefu, teksi ambazo bei zake zimepanda, na gari la kukodi ambalo lazima uwe umelichukua siku moja kabla, kwa kuwa ofisi nyingi za kukodisha nazo zimefungwa.

Maduka hayana nafuu. Kwa Uingereza na Wales iko sheria ya mwaka 2004 inayokataza duka lenye eneo la zaidi ya mita za mraba 280 kufungua siku ya Krismasi. Vijiduka vidogo vinaruhusiwa, na vingine hufungua, lakini mtu asiende akitegemea kununua chakula cha watoto watatu kwenye kituo cha mafuta. Mikahawa inayofungua huwa imejaa tangu Novemba, na nyingi hudai malipo ya awali. Nyumba za kihistoria, Greenway ikiwamo, hazipokei wageni siku hiyo, na hata siku nyingine za majira ya baridi nyumba nyingi zilizo chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, hufunguliwa kwa siku chache tu, au hufungua bustani na kufunga nyumba ili samani zisafishwe na kukarabatiwa. Boti za mto Dart na treni ya mvuke inayopita karibu na Greenway nazo hufuata msimu.

Naelewa dhana hii inakotoka. Kwetu Krismasi ni siku ya kutoka: matatu na daladala zinajaa, fukwe zinajaa, watoto wanavishwa nguo mpya na kupelekwa kutembezwa. Ninachoshindwa kuelewa ni jinsi mtu aliyesoma riwaya zenyewe anavyoweza kuamini kwamba Uingereza ni hivyo hivyo. Chukua kisa chochote cha upelelezi cha Krismasi: wahusika wamekusanyika katika nyumba moja ya shamba, milango imefungwa, hakuna anayeingia wala anayetoka, na ndiyo maana muuaji hana budi kuwa mmoja wa waliokaa mezani. Mwandishi hakuhitaji kuyabuni mazingira hayo. Christie mwenyewe, katika dibaji ya mkusanyiko wake wa mwaka 1960, alizikumbuka Krismasi za utoto wake Abney Hall, jumba la ukwe wa dada yake huko Cheadle, karibu na Manchester, na anachokitaja ni karamu, sahani baada ya sahani, si matembezi. Kitabu kimekwambia waziwazi kwamba siku hiyo watu wanajifungia ndani, nawe unakwenda kugonga milango.

Matokeo nimeyaona. Familia moja iliyokata tiketi bila kuniuliza ilitua Heathrow alfajiri ya tarehe 25, kwa sababu nauli ya siku hiyo ilikuwa ya chini, na kiwanja hicho huwa wazi hata siku hiyo. Baba akasukuma mizigo hadi kwenye mlango wa treni ya chini ya ardhi, akakuta chuma kimeshushwa na karatasi imebandikwa. Teksi ya kuwafikisha hotelini ilikula tofauti yote ya nauli waliyojisifia, na zaidi.

Ushauri wangu, ambao wateja wangu wa zamani wanaufahamu hadi kuuchoka, ni huu: kuanzia mchana wa tarehe 24 hadi asubuhi ya tarehe 27, kaa mahali pamoja, na pawe mahali ambapo vitu vya kuona viko nje na vinafikiwa kwa miguu. Kwa msomaji wa Christie mahali hapo ni Torquay, mji wa pwani ya Devon. Alizaliwa katika mji huo tarehe 15 Septemba 1890, na sehemu kubwa ya yale yanayomhusu pale haina mlango wa kufungwa: Princess Gardens, bustani ya ufukweni iliyoingia katika riwaya zake, gati lililo jirani nayo, sanamu yake ya kichwa iliyowekwa mwaka 1990, miaka 100 tangu azaliwe, na Beacon Cove, ghuba ndogo aliyokuwa akiogelea utotoni. Grand Hotel iko hatua chache kutoka kituo cha treni, jambo ambalo mtu mwenye masanduku mawili na mtoto aliyelala begani atalishukuru. Hoteli hiyo ina haki yake ya pekee kwa tarehe hizi, kwa kuwa Agatha na Archie Christie walifunga ndoa Clifton, Bristol, tarehe 24 Desemba 1914, katika likizo fupi ya Archie kutoka vitani, wakasafiri kwa treni jioni ileile na kulala hapo. Anayetaka kuwaigiza leo apande treni ya mchana, asingoje ya usiku.

"Nitaikuta theluji, na London itakuwa na ule ukungu"

Ule ukungu mzito wa manjano unaofunika mitaa katika visa vya Sherlock Holmes haukuwa hali ya hewa peke yake. Ulikuwa moshi wa makaa ya mawe kutoka maelfu ya mabomba ya nyumba na viwanda, uliochanganyika na unyevu wa mto Thames. Uliua watu. Kati ya tarehe 5 na 9 Desemba 1952 London ilifunikwa na moshi uliosababisha vifo vya maelfu, na mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya hewa safi iliyobana uchomaji wa makaa. Tangu hapo ukungu wa Holmes umekwisha, na anayelalamika kwangu kwamba aliikuta London ina anga safi analalamikia mapafu ya wenyeji kupona.

Theluji nayo wateja wanaiona kama sehemu ya bei ya tiketi. Tangu mwaka 1960, Krismasi ambazo theluji ilitanda ardhini sehemu kubwa ya nchi ni nne tu: 1981, 1995, 2009 na 2010. Riwaya zimejaa theluji kwa sababu inamfaa mwandishi: inafunga barabara, inakata simu, na inahifadhi nyayo chini ya dirisha. Huko kusini mwa Uingereza msafiri atakutana na mvua nyembamba isiyokoma, nyuzi 8 hivi za mchana, na giza. Hilo la giza wengi hawalipangii kabisa. Mwishoni mwa Desemba jua la London huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri; Edinburgh, mji aliozaliwa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa visa vya Holmes, urefu wa mchana haufiki hata masaa saba. Ratiba yenye vituo vitano kwa siku, ambayo mwezi wa Julai ingekuwa ya kawaida, Desemba ina vituo viwili vya mchana na vitatu vya kupapasa. Kwa hiyo sijali sana uzito wa koti. Nunua viatu visivyopitisha maji kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mtu mwenye soksi zilizolowa saa tano asubuhi hatazami tena jengo lolote.

Ukungu wa kweli bado upo Dartmoor, nyanda za juu za Devon zilizozaa The Hound of the Baskervilles, riwaya ya Holmes iliyotoka kwa mfululizo jaridani kati ya 1901 na 1902. Princetown, kijiji chenye lile gereza kongwe lililojengwa kwa ajili ya mateka wa vita vya Napoleon, kiko zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na kusini yake kuna Fox Tor Mires, kinamasi kinachotajwa kuwa ndicho kilichompa Conan Doyle ile Grimpen iliyomeza farasi. Kinamasi hicho si pambo. Baada ya mvua za Desemba ardhi inayoonekana kuwa majani mabichi ni maji yaliyofunikwa na kuvumwani, na ukungu unaweza kushuka ukakuficha njia uliyojia. Usiende bila kiongozi mwenyeji, toka mapema, na uwe umegeuka kurudi ifikapo saa nane mchana. Mteja anayenijibu kwamba simu yake ina ramani simpeleki.

"Twende tukaione nyumba aliyokaa Holmes"

Hakukaa popote. Kisa chake cha kwanza kilipochapishwa mwaka 1887, nambari za Baker Street hazikufika 221. Nambari hiyo ilikuja baadaye, ikaangukia kwenye jengo la taasisi ya akiba na mikopo ya nyumba, ambayo kwa miaka mingi ilimwajiri karani wa kujibu barua zilizoandikiwa Holmes. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1990 lina bango la 221B, lakini ukihesabu milango utaona liko kati ya 237 na 241. Ni jumba zuri, na ngazi zake nyembamba zinakupa sura ya maisha ya wakati huo; nenda, ila usikasirike ukiambiwa kitanda si cha Holmes. Msomaji aliyekua na Bwana Msa na kiko chake hahitaji kuelezwa kwamba mpelelezi anaweza kuwa hai bila kuwa na hati ya nyumba. Ile kofia yenye mabawa ya masikioni ilitokana zaidi na michoro ya Sidney Paget kuliko maneno ya visa vyenyewe, na kwa mvua ya London haina faida yoyote.

St Mary Mead, kijiji cha Miss Marple, mpelelezi wa Christie, hakipo kwenye ramani, na dereva wa teksi anayekubali kukupeleka huko anakuzungusha.

Harrogate ipo, na kati ya miji yote inayohusika na jina la Christie ndio wenye haki zaidi ya kutembelewa Desemba. Aliondoka nyumbani kwake tarehe 3 Desemba 1926, gari lake likakutwa limetelekezwa Surrey, na baada ya siku 11 akapatikana katika hoteli ambayo leo inaitwa Old Swan, akiwa amejiandikisha kwa jina la Neele, ambalo lilikuwa jina la ukoo la mwanamke aliyependwa na mumewe. Wateja huniambia alijificha ili aandike riwaya. Alikuwa mwanamke aliyefiwa na mama yake mwaka huohuo na ndoa yake inavunjika, tuliache hapo.

Burgh Island, kisiwa kilichochangia And Then There Were None ya mwaka 1939, watu hukiogopa wakidhani ukifika umenasa kama wahusika wa kitabu. Maji yakipwa unavuka kwa miguu juu ya mchanga, ni mita mia mbili na kitu tu. Yakijaa, hoteli huwavusha wageni wake kwa trekta refu lenye jukwaa juu ya magurudumu, lakini bahari ikichafuka trekta halitoki. Mtu wa Lamu au Pemba hana haja ya kufundishwa kutazama bamvua. Wa bara nawaomba wachukue jedwali la maji kabla ya kuchukua kamera.

Mwisho ni viza, kwa sababu kuna imani kwamba hoteli iliyolipwa huifanya ipatikane. Haiifanyi. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda wote wanahitaji viza ya mgeni kabla ya kusafiri. Maombi hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu tangu alama za vidole zichukuliwe. Mwenye pasipoti ya Oman ana njia nyepesi zaidi, kibali cha kielektroniki kiitwacho ETA. Anayetaka kulala Torquay mkesha wa Krismasi alete karatasi zake mwishoni mwa Septemba. Atakayekuja Novemba nitampangia Februari, ambapo bei zimeshuka na treni zinatembea.