Nauli za Reli Marekani: Nani Humtetea Mwenye Mzigo Asiye na Njia ya Pili?

Maghala mengi ya ngano katika jimbo la Montana yanahudumiwa na kampuni moja tu ya reli. Barabara zipo, lakini ukipakia ngano kwenye malori hadi bandari za Pasifiki, mwendo wa kilomita 1,000 hivi, faida yote huishia njiani. Kampuni ya reli ikipandisha nauli, mwenye ghala akimbilie wapi?

Kilio kama hicho ndicho kilichozaa Tume ya Biashara baina ya Majimbo mwaka 1887. Wakati ule mzigo wa safari fupi, kwenye njia yenye reli moja, uliweza kutozwa zaidi ya mzigo wa safari ndefu baina ya miji yenye reli zinazoshindana. Wafanyabiashara wakubwa nao walirudishiwa sehemu ya nauli kwa siri. Mwaka 1906 tume ikapewa uwezo wa kuweka kikomo cha nauli.

Baadaye udhibiti ukabana kupita kiasi, hata malori yalipokwisha kuchukua mizigo mingi. Kampuni ya reli ya Penn Central ilifilisika mwaka 1970. Ndipo Sheria ya Staggers, iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter Oktoba 1980, ikaziachia reli zipange nauli zenyewe na kufunga mikataba na wateja. Nauli za wastani zilishuka na reli zikapata nafuu. Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, ila haukummalizia shida mwenye ghala wetu.

Tangu 1996 mdhibiti ni Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu. Haiwezi kugusa nauli mpaka ithibitike kwamba reli haina mshindani wa kweli kwa mzigo huo, na kwamba nauli imefikia angalau asilimia 180 ya gharama zinazobadilika kulingana na mzigo, kama vile mafuta. Lakini huo ni mlango tu, ukiingia bado hujashinda. Katika utaratibu mkuu, mlalamikaji hujenga reli nzima kwenye karatasi: madaraja, vichwa vya treni, mishahara, kila kitu. Kisha aonyeshe kwamba reli hiyo ya kufikirika ingejiendesha kwa nauli ndogo kuliko anayotozwa. Kesi hula miaka na mamilioni ya dola. Kampuni ya umeme inayonunua makaa ya mawe kwa treni nzima huenda ikamudu. Ushirika wa wakulima haumudu, na hapo ndipo ninapoona haki imewekwa mbali mno.

Mwishoni mwa 2022 bodi ilileta njia nyepesi: kila upande utaje nauli yake, bodi ichague mojawapo bila kukata katikati. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa iliifuta, ikisema bodi imevuka mamlaka yake.

Wakati huohuo kampuni kubwa za reli, zilizokuwa takriban 40 mwaka 1980, zimebaki sita, baada ya Canadian Pacific na Kansas City Southern kuungana mwaka 2023. Bodi iliupima muungano huo kwa kanuni zake za zamani, za kabla ya 2001. Kanuni za 2001, zitakazozipima kampuni nyingine kubwa, zinawataka waombaji waonyeshe kwamba kuungana kwao kutaongeza ushindani. Kuahidi kwamba hakutaupunguza hakutoshi.