Ahadi za Mamdani: Ufunguo Anao Nani?

Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya wa New York Novemba 2025 kwa hoja moja: gharama za jiji zimewashinda wale wanaolifanyia kazi. Hoja yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1892 Chama cha Watu cha Marekani kilidai matajiri watozwe kodi kubwa zaidi ya mapato. Mwaka 2016 Seneta Bernie Sanders aliendesha kampeni ya urais kwa michango ya wastani wa dola 27. Mrengo huu wa kushoto una nguvu kwa sababu unazungumzia kodi ya nyumba na nauli, mambo ambayo mtu anayakuta mfukoni mwake kila mwezi.

Hata fedha za kampeni zina siri yake. Mgombea umeya akishakusanya dola 250,000 kutoka kwa wakazi wasiopungua 1,000, jiji humwongezea dola 8 kwa kila dola 1 ya mkazi, hadi mchango wa dola 250. Anayetoa 10 anampatia mgombea wake 90. Bila utaratibu huo, sidhani kama Mamdani angefua dafu mbele ya fedha za wafadhili wa mpinzani wake, gavana wa zamani Andrew Cuomo.

Kutimiza ahadi ni kazi nyingine. Aliahidi nyongeza ya kodi ya asilimia 2 kwa mapato yanayozidi dola milioni 1, lakini haimo mikononi mwa meya. Lazima bunge la jimbo, huko Albany, liipitishe na gavana aisaini. Mabasi ya bure aliyoahidi nayo yanategemea MTA, shirika la usafiri la jimbo.

Ahadi ya kusimamisha kodi za nyumba, yaani wapangaji wasiongezewe kodi, ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono wake. Kiwango cha nyongeza kwa nyumba takriban milioni 1 zilizo chini ya udhibiti hupangwa kila mwaka na bodi ya watu 9: wawili wa wapangaji, wawili wa wenye nyumba, watano wa umma. Meya ndiye anayewateua, ingawa hawezi kuwaamuru wapige kura vipi, na wanaopinga hukimbilia mahakamani. Enzi za meya wa zamani Bill de Blasio bodi iliweka sifuri kwa mikataba ya mwaka mmoja mara tatu: 2015, 2016 na 2020. Kwa hiyo anayesema haiwezekani anakosea.

Panapouma ni kwenye majengo ya zamani. Bima, mafuta ya kupashia joto na kodi ya majengo havisimami kodi ya nyumba inaposimama, na sheria ya jimbo ya 2019 ilifuta nyongeza ya hadi asilimia 20 aliyokuwa akiipata mwenye nyumba mpangaji alipohama. Mwenye majengo mengi mapya atahimili. Mwenye jengo moja kuukuu ataahirisha kutengeneza boila ya kupashia joto, kisha paa, na baridi itampiga mpangaji yuleyule aliyekusudiwa kusaidiwa. Naunga mkono kusimamisha kodi, lakini kuende sambamba na fedha za ukarabati na unafuu wa kodi ya majengo kwa nyumba hizo, tena mwaka uleule.