Nyuzinyuzi Zinazoyeyuka na Afya ya Utumbo: Maswali na Majibu

Nyuzinyuzi zinazoyeyuka ni zipi?

Nyuzinyuzi, ambazo wengine huziita makapimlo, ni sehemu ya vyakula vya mimea ambayo vimeng'enya vya mwili wetu haviwezi kuivunja. Zile zisizoyeyuka, kama zilizomo katika pumba za ngano, hupita tumboni zikiwa karibu kama zilivyoliwa. Zinazoyeyuka huchanganyika na maji, na nyingi kati yake hugeuka ute mzito. Anayetaka kuuona ute huo na akate bamia: ule mvuto unaong'ang'ania kisu ndio wenyewe. Zimo pia katika maharagwe, dengu, shayiri, tufaha na machungwa, pamoja na maganda ya mbegu za mmea uitwao sailiamu (psyllium), ambayo huuzwa yakiwa yamesagwa.

Inawezekanaje kitu kimoja kimfae aliyefunga choo na anayeharisha pia?

Jibu limo katika maji. Utumbo mpana hufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula, kwa hiyo choo kinapokaa humo siku nyingi hukauka na kutoka kwa shida, vipande vipande, kama cha mbuzi. Ute wa sailiamu hauliwi sana na bakteria, hivyo huyashikilia maji hadi mwisho wa safari, na choo hubaki laini na chenye umbo. Kwa anayeharisha, ute huohuo huyakusanya maji yaliyozidi na kukipa choo uzito. Hata hivyo, mtu anayeharisha kwa ghafla anahitaji kwanza kurudishiwa maji na chumvi alizopoteza. Nyuzinyuzi si badala ya tiba hiyo.

Bakteria wa utumboni wanahusikaje?

Nyuzinyuzi nyingine zinazoyeyuka, kama pektini ya matunda, huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, ambao hutengeneza asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazoufunika ukuta wa utumbo huo. Kwa maoni yangu jambo hili halizungumzwi vya kutosha, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba nyuzinyuzi hufagia tu, ilhali pia hulisha.

Nilipoanza kula maharagwe kwa wingi, tumbo lilijaa gesi. Niache?

Usiache, punguza. Gesi ni zao la uchachushaji huohuo, na kwa kawaida hupungua mtu anapoongeza kiasi kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kupika husaidia pia.

Mtu mzima anahitaji kiasi gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi za aina zote kutoka kwenye chakula. Nusu kikombe cha maharagwe yaliyopikwa hutoa takriban gramu 6 hadi 8. Juisi iliyochujwa haihesabiki sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio.

Unga wa sailiamu una hatari yoyote?

Hatari ipo unapotumiwa bila maji ya kutosha, kwani huweza kuvimba kooni na kumkaba mtu, au kuziba utumbo. Ukoroge katika glasi nzima ya maji, yaani mililita 240 hivi, na uunywe papo hapo kabla haujaganda. Mwenye shida ya kumeza au utumbo uliosinyaa asiutumie. Kwa kuwa ute unaweza kuchelewesha kufyonzwa kwa dawa, anayetumia dawa nyingine aachanishe kwa saa 2 hivi, baada ya kumuuliza mfamasia. Na ikiwa choo kina damu, au kimebadilika kwa wiki kadhaa huku uzito ukipungua, nenda ukapimwe kwanza kabla ya kununua unga wowote.