Kenya Open: Kombe Ambalo Halijawahi Kubaki Nyumbani

Kila Kenya Open, shindano kubwa la gofu la Nairobi, ikikaribia huwa naulizwa ni Mkenya gani amewahi kuibeba. Hakuna. Tangu Mwingereza Guy Wolstenholme aliposhinda ya kwanza mwaka 1967 hadi Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini mwaka 2025, kombe limeondoka na mgeni. Nimekaa miaka mingi na kumbukumbu za shindano hili, na naona hesabu hiyo inaeleweka ukijua wageni walifuata nini Nairobi.

Walikuwa wanakimbia baridi. Mwanzoni mwa mwaka viwanja vya Ulaya vimelowa na hakuna mashindano, kwa hiyo mapro (wachezaji wa kulipwa) wa Uingereza walishuka Afrika kucheza mfululizo uliokuja kuitwa Safari Circuit: Kenya, Zambia, Nigeria na kwingineko. Walikuja kunoa makali kabla ya msimu wao kuanza. Maurice Bembridge alinoa vizuri kuliko wote: 1968, 1969, kisha akarudi kushinda tena 1979.

Nairobi nayo ina mtihani wake. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali. Mgeni aliyezoea chuma namba 7 kwa umbali fulani hujikuta anahitaji namba 8, fimbo inayopiga karibu zaidi, na asipojirekebisha mpira unapita grini yote, ile nyasi fupi yenye shimo, na kulala nyuma. Hapo, kwa kweli, mwenyeji ndiye anayepaswa kuwa na faida.

Mwaka 1978 akashinda kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros. Mwaka uliofuata alitwaa The Open ya Uingereza, na 1980 akavaa koti la kijani analovishwa bingwa wa Masters kule Marekani. Ian Woosnam alishinda Nairobi 1986, akavaa koti hilo 1991. Trevor Immelman alishinda 2000, akalivaa 2008. Mabingwa watatu wa Masters wamepitia kwetu kwanza, na sioni kwa nini hatulitangazi jambo hilo kila mahali. (Mwaka 2012 mshindi alikuwa Mwingereza aitwaye Seve Benson, aliyepewa jina la yule yule Ballesteros. Hadithi ya kutunga isingethubutu.)

Safari Circuit ilipofifia, Kenya Open iliingia Challenge Tour mwaka 1991, daraja la pili la Ulaya. Wengine huizungumzia miaka hiyo kama kushushwa cheo. Sikubaliani nao. Daraja la pili limejaa vijana wenye njaa, na wengi walifika mbali: Edoardo Molinari alishinda 2007, na Aaron Rai alishinda katika klabu ya Muthaiga, Nairobi, mwaka 2017, katika nchi aliyokulia mama yake.

Mwaka 2019 shindano likapanda hadi European Tour yenyewe, daraja la juu la Ulaya, zawadi zikafika yuro milioni 1.1, na Muitaliano Guido Migliozzi akashinda katika klabu ya Karen, Nairobi. Mwaka 2020 korona ikalifuta. Mwaka 2021 Karen ikaandaa mashindano mawili mfululizo: Justin Harding alishinda Kenya Open, na Daniel van Tonder, Mwafrika Kusini mwenzake, akachukua lile la pili, Kenya Savannah Classic. Mwaka 2022 likarudi Muthaiga.

Sasa turudi kwa Wakenya. Kulijua grini la nyumbani hakutoshi. Mgeni anaposimama mbele ya pati ya mwisho, lile pigo la kusukuma mpira shimoni, Jumapili ya kufunga shindano, huwa alishawahi kusimama mahali kama hapo wiki chache zilizopita, katika nchi nyingine, mbele ya wapinzani wa kiwango hicho hicho. Pro wetu hukutana na uzito huo mara moja kwa mwaka, naye anatakiwa kwanza avuke mchujo wa baada ya raundi mbili za mwanzo. Ndiyo maana namheshimu sana Jacob Okello. Mwaka 1998 alimaliza mashimo yote 72 akiwa sawa na Ricardo González wa Argentina, wakaenda mashimo ya ziada. González akashinda. Hakuna Mkenya mwingine aliyelikaribia kombe kiasi hicho.