Je, wajua kwa nini zebaki haigeuki kuwa dhahabu, ingawa zimepishana kwa protoni moja tu?

Katika machimbo madogo ya Geita, Chunya au Migori, zebaki na dhahabu hukutana kila siku. Mawe hutolewa kwenye duara, yaani shimo la mgodi, husagwa kwa karasha, unga wake huoshwa, kisha zebaki humiminwa kwenye karai ili inase chembe za dhahabu zisizookoteka kwa mkono. Moja ni metali ya njano isiyoshika kutu hata ikifukiwa karne nyingi. Nyingine ni kimiminika kizito cha rangi ya fedha. Kwa macho hazina hata dalili ya undugu. Lakini ukiingia ndani ya atomi zake utakuta atomi ya dhahabu ina protoni 79, na ya zebaki ina protoni 80. Basi.

Protoni ni chembe zenye chaji chanya zinazokaa katika kiini, yaani katikati ya atomi, na idadi yake ndiyo inayoamua elementi, yaani aina ya msingi ya maada, ni ipi. Rangi haiamui, uzito hauamui, ugumu nao hauamui. Ondoa protoni moja kwenye kiini cha dhahabu, umepata platini. Ongeza moja, ni zebaki. Ongeza tatu, umefika kwenye risasi, ile metali ya kwenye betri za magari. Hakuna elementi ya katikati, kwa sababu hakuna nusu protoni. Gramu moja ya dhahabu ina atomi zipatazo 3 ikifuatwa na sifuri 21, na hakuna hata moja kati ya hizo yenye protoni 78 au 80.

Dhahabu yenyewe ndiyo iliyosaidia kulijua hilo. Mwaka 1909, katika chuo kikuu cha Manchester, Uingereza, Hans Geiger na Ernest Marsden walielekeza chembe za alfa, yaani chembe ndogo zenye chaji chanya zitokazo kwenye vitu vya mionzi, kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Nyingi zilipita kana kwamba hakuna kitu, lakini chache zilirudi nyuma. Mkuu wao, Ernest Rutherford, alieleza mwaka 1911 kwamba karibu uzito wote wa atomi umerundikana kwenye kiini kidogo sana, na sehemu kubwa iliyobaki ni ya elektroni, chembe nyepesi zenye chaji hasi. Kiini ni kidogo kiasi gani? Kama atomi ingekuwa na upana wa uwanja wa mpira, kiini kingekuwa kama punje ya mtama pale katikati.

Aliyeonyesha kwamba idadi ya chaji ya kiini ndiyo utambulisho wa elementi ni kijana Henry Moseley, mwaka 1913, kwa kupima eksirei zinazotolewa na metali mbalimbali. Kutoka elementi moja hadi inayofuata, vipimo vyake vilipanda hatua kwa hatua, bila kuruka ovyo. Kabla yake jedwali la elementi la Dmitri Mendeleev la mwaka 1869 lilifuata zaidi uzito wa atomi, na mahali pengine uzito ulikataa kufuata mpangilio: teluri ni nzito kuliko iodini, ilhali tabia zake zinaitaka itangulie. Kwa hesabu ya Moseley utata ukaisha, maana teluri ina protoni 52 na iodini 53. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27. Ni vigumu kutosikitika ukifikiria angegundua nini kingine.

Sasa, protoni moja inaletaje tofauti kubwa hivyo? Kwa kupitia elektroni. Atomi isiyo na chaji ina elektroni sawa na protoni zake, na elektroni za nje ndizo zinazoshikana na majirani. Dhahabu ina elektroni moja katika ganda lake la nje, nayo hushiriki vizuri kuziunganisha atomi. Zebaki ina mbili. Zimekamilisha jozi na zimevutwa kwa nguvu kuelekea kiini, kwa hiyo atomi zake hushikana kwa ulegevu. Ndiyo maana dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi, wakati zebaki ni kimiminika mpaka nyuzi 39 chini ya sifuri na huchemka kwa nyuzi 357. Mchimbaji anapochoma donge la zebaki na dhahabu anaitegemea tofauti hiyohiyo: zebaki inakuwa mvuke na kuondoka, dhahabu inabaki.

Moto huo haukigusi kiini. Moto, tindikali, kuyeyusha, kuchanganya, vyote hivyo huchezea elektroni tu. Protoni na nyutroni, yaani chembe za kiini zisizo na chaji, zimefungwa kwenye kiini kwa nishati kubwa kiasi cha mara milioni moja kuliko ile inayoshikanisha atomi na atomi. Ndiyo sababu watu walihangaika karne kwa karne kugeuza risasi kuwa dhahabu kwenye tanuri wakashindwa. Hakuna tanuri la kufika huko.

Mashine za fizikia zinafika. Mwaka 1941 wanasayansi wa Harvard, Marekani, waliipiga zebaki kwa nyutroni na kupata dhahabu, ila ilikuwa ya mionzi na haikudumu. Huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, viini vya risasi vinavyopishana kwa kasi inayokaribia ya mwanga hupoteza protoni tatu mara mojamoja, na 82 kutoa 3 ni 79. Kati ya 2015 na 2018 vilipatikana hivyo viini bilioni 86 vya dhahabu. Kwa uzito ni kama sehemu 29 za gramu iliyogawanywa mara trilioni moja, na vilivunjika papo hapo.

Kudumu huku kwa kiini kuna upande wa hatari, na nautaja kwa uzito wote. Kama moto hauiharibu dhahabu, basi hauiharibu zebaki pia. Mvuke unaopanda kutoka kwenye donge ni atomi zilezile. Anayeuvuta anaziingiza mapafuni, na kutoka hapo hufika kwenye ubongo na figo. Zinazotua ziwani hubadilishwa na bakteria kuwa methili zebaki, inayojilimbikiza kwenye samaki. Lakini ndani yake bado mna kiini cha protoni 80. Sumu ya namna hiyo, iliyomwagwa na kiwanda kwenye ghuba ya Minamata, Japani, iliua na kulemaza watu wengi, na ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Ila kwa sababu hiyohiyo zebaki inaweza kuokolewa. Donge likichomwa ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza, mvuke hurudi kuwa kimiminika na kutumika tena, mradi chombo hakivuji na kazi inafanyika nje, mbali na jikoni na watoto.